Mkono wa Kushoto

Miezi kumi na minne nimetafuna upande mmoja,
kama mtu mwenye nyumba ya vyumba viwili
na chumba kimoja kina nyoka.

Nimeweka karafuu. Nimeweka chumvi,
nimeweka pamba yenye mafuta ya taa,
nikalala nimekumbatia mto mdomoni
ili Nkwimba asisikie ninavyohema.
Alisikia. "Mficha maradhi," akasema gizani,
methali akaiacha hapo, nusu,
maana nusu ya pili ni kilio
na ilikuwa saa nane usiku.

Mimi ni seremala, Mabatini, chini ya lile jiwe
lililokaa juu ya jiwe jingine kama kibarua aliyesinzia.
Keekee nimeishika miaka thelathini.
Najua mkangazi unavyolia ikiingia,
najua moshi wake ikiwa butu,
na shida ndiyo hiyo: mbao nimetoboa maelfu,
hakuna hata moja niliyoiuliza.

Kliniki iko ghorofani, Mtaa wa Rufiji,
juu ya duka la nyavu.
Mara ya kwanza niliishia kwenye nyavu.
Mara ya pili niliishia kwenye nyavu, nikanunua kamba.
Mara ya tatu nilipanda, nikamwambia binti wa mapokezi
nimekuja kupima mlango.
Akautazama mlango. Akanitazama shavu.
"Mlango mzima, baba. Kaa."

Daktari Minza ni mdogo kuliko binti yangu wa kwanza.
Hakuniambia nifungue kinywa. Alivuta kigoda, akauliza,
"Unaogopa nini hasa?"
Nikasema maumivu. Akangoja.
Nikasema sindano. Akangoja.
Nje feri ya Kamanga ilipiga honi
na hapo, sijui kwa nini, nikasema: magoti.

Magoti ya binamu zangu, Ukara, mwaka wa mvua nyingi,
goti moja kila kiganja,
na Mjomba Magembe na koleo lake la baiskeli, lina grisi.
Nilikuwa na miaka saba. Nilisema ngoja.
Sikusema usifanye. Nilisema ngoja tu,
nikachomoa mkono, nikauinua,
wakaurudisha mkekani wakicheka: jikaze, mwanamume halii.
Jino walilirusha juu ya bati.
Lile neno sijui walilirusha wapi.

Alikaa kimya kidogo.
"Basi inua mkono wa kushoto, nitaacha.
Sisemi nitajaribu. Nitaacha."

Ganzi ikaja kama kuchovya shavu ziwani alfajiri.
Mdomo ukawa wa jirani.
Keekee yake, ndogo, sauti ya mbu mwenye elimu,
ikagusa.
Nikainua mkono.
Hakukuwa na maumivu. Nilidanganya.
Keekee ikanyamaza. Barakoa, macho mawili.
"Niko hapa."
Haikupita dakika nikainua tena,
akaacha tena, wala hakushusha pumzi.
Nilisikiliza. Pumzi ya fundi aliyechoshwa na mteja
naijua, ni yangu.
Mara ya tatu mkono ulianza kupanda,
ukafika tumboni, ukakaa juu ya kifungo cha shati.
Haukushikwa na mtu.

Sitasema hofu iliisha. Miguu ilitetemeka
mpaka viatu vikagongana,
harufu ya pembe iliyoungua ikanijaa puani,
nikahesabu misumari ya dari: kumi na tisa,
miwili imepinda, kazi ya mtu mwenye haraka.

Chini nilinunua chai ya tangawizi,
ikanitiririka kidevuni hadi kwenye kola,
nikacheka kwa nusu ya uso mbele ya muuza nyavu
aliyedhani nimekuja kurudisha kamba.

Kuna jino jingine, la juu, lina doa.
Nimepewa Alhamisi, wiki tatu zijazo.
Niliiandika kwa penseli ya kazi
kwenye ubao wa kitanda cha mteja,
kisha nikajishika: ubao huu kesho unapigwa randa,
na mimi ndiye mpiga randa.

Nikaiandika upya ukutani, kwa msumari.